Dhibu Hafungi Ramadhani

Nizwa, Ijumaa, 5 Machi 2004

Khalaf,

Leo imetimia miaka arobaini na wiki tatu tangu nitoke Unguja, na miaka sita kasoro miezi miwili tangu nitoke Hayl nije kukaa hapa Nizwa kwa binti yangu Lamees. Naanza na hesabu kwa sababu hesabu hunituliza.

Asubuhi nilikwenda soko la mbuzi, kama kila Ijumaa, kumwona mzee Hud anaposhusha mbuzi wa huko kwenu kutoka kwenye pikapu yake. Nilitaraji barua yako. Barua haikuwepo. Kulikuwa na habari, na Hud alinipa huku kamshika mbuzi sikio, hanitazami usoni. Alisema Jumatano asubuhi mmemuua dhibu, mbwa mwitu jike, kwenye majabali ya nyuma ya mitende. Alisema mmemtundika kwenye mkunazi wa kona ya njia, kichwa chini, kila gari inayopita imwone. Alisema chuchu zake zilikuwa zimejaa, na maziwa yalidondoka mchangani mpaka adhuhuri.

Nilimwuliza nani aliyepiga risasi. Akasema, "Muulize mpwa wako."

Basi nakuuliza. Unaijua karatasi iliyotundikwa ukutani pale sabla, pale wanaume wa Hayl mnapokaa kwa kahawa na mashauri. Imo ndani ya kioo tangu mwaka 1991 na mkono ulioiandika ni wangu. Ulikuwepo siku ile. Ulikuwa na miaka ishirini na tano, una akili zako. Ulikuwa umeviona kwa macho yako vile vitoto vitano vilivyochimbuliwa pangoni baada ya mama yao kupigwa, vikaletwa uwanjani, watoto wakavichezea siku mbili mpaka vikafa kimoja kimoja. Ni wewe uliyenijia unalia. Ndipo sabla ilipokaa ikakubaliana: dhibu aliyekamata mbuzi na apigwe, lakini si katika miezi ya kuzaa. Sheria ya serikali naijua na wewe unaijua, siitaji hapa, maana Hayl hamkupata kuingoja. Naitaja karatasi tu, kwa sababu hiyo ni neno letu wenyewe.

Nimekwisha kufunga vitabu vyangu katika makasha manane. Nilikuwa nije baada ya wiki tatu, niingie katika chumba ulichonijengea, nikae na mama yako umri uliobaki. Kasha la tisa liko wazi hapa mbele yangu. Sitalifunga mpaka nipate jibu lako.

Usipige simu. Unajua siisikii, na Lamees akinikalimania hupunguza maneno makali. Mpe Hud barua.

Mjomba wako,
Nadhir


Hayl, Jumatano, 10 Machi 2004

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nimeisoma nikiwa kazini Mudhaibi, wenzangu wakaniuliza nani kafa.

Nitakujibu kwa utaratibu, kama ulivyotufundisha. Kwanza, ndiyo, ni mimi. Sikatai. Pili, yule dhibu alikula mbuzi sita tangu baada ya Idi ya Hija. Wawili wa Fawziya, ambaye mumewe amekufa na hana kitu kingine. Mmoja wa mama yangu, yule mweupe mwenye masikio marefu aliyekuwa akimwita Bi Harusi, na alikuwa na mimba ya mapacha. Mama alikuta kichwa na kamba. Hayo mzee Hud hakukwambia akimshika mbuzi sikio?

Tatu, karatasi. Mjomba, mimi hiyo karatasi naijua kwa moyo, yaani ukiniamsha usingizini naisoma. "Hapana ruhusa kwa yeyote kumwinda dhibu tangu mwezi mosi Shaabani mpaka kumalizika Shawwali, na miezi mingine ni halali kwa mwenye kudhurika." Hayo ni maneno yako. Shaabani iliyopita alikula mbuzi watatu, sisi tumekaa kimya. Ramadhani amekula wawili, tumekaa kimya, watu wa vijiji vya jirani wanatucheka, wanasema watu wa Hayl wanafuturu wao na dhibu. Shawwali vilevile. Tumevumilia miezi mitatu yote, hakuna aliyegusa bunduki. Sasa ni Muharram. Muharram iko wapi katika karatasi yako? Mimi nimefuata neno kwa neno, halafu wewe unaniandikia kama mimi ni mhuni wa barabarani.

Kuhusu chuchu, mimi sikuona. Ilikuwa alfajiri, mwanga mdogo, naye alikuwa juu. Walioshusha na kutundika ni vijana, si mimi.

Chumba kimekwisha. Mlango umepakwa rangi ya kijani uliyoitaka. Nimekuwekea rafu za vitabu ukuta mzima, fundi kaniambia hajapata kuona mtu mmoja na vitabu kiasi hicho. Mama kila siku anauliza kasha la tisa lina nini hata haliishi.

Wako mtiifu,
Khalaf


Nizwa, Ijumaa, 12 Machi 2004

Khalaf,

Marahaba. Nakuitikia kwa kuwa ni wajibu.

Nimesikitika kwa mbuzi wa mama yako na kwa Fawziya. Sitaki udhani siwahesabu. Mwenye kuamka akakuta kamba na kichwa ana haki ya kuchukua bunduki, na sijapata kusema vingine, wala karatasi haikusema vingine.

Lakini usinijie na neno kwa neno. Karatasi ile iliandikwa kwa sababu ya vitoto. Haikuandikwa kwa sababu ya Shaabani. Wewe uliviona vile vitano, unajua nini kilichotuketisha pale, kisha unasimama mbele ya mnyama mwenye maziwa na kuhesabu miezi kwenye vidole. Mtu akikupa ufunguo wa nyumba akakwambia funga kwa sababu ya wezi, halafu wezi wakaja kupitia dirishani, utakaa kitini na ufunguo mkononi useme mimi mlango nimeufunga?

Unasema hukuona. Sawa. Macho yako nayajua, ulikuwa ukinisomea namba za magari yaliyokuwa upande wa pili wa bonde. Lakini nasema sawa.

Nina neno moja tu la haraka. Dhibu mwenye maziwa ana pango, na pangoni mna kitu kinachongoja. Majabali ya nyuma ya mitende hayana nafasi nyingi za kujificha, na wewe unayajua yote tangu ulipokuja hapo mdogo. Ninapoandika haya zimepita siku tisa. Labda nimechelewa, labda sivyo. Nenda. Chukua maziwa ya mbuzi. Kama wamekwisha kufa, uwaone vilevile, ukae nao kidogo, ndipo uniandikie tena habari ya Muharram.

Juu ya miezi iliyoandikwa katika karatasi, na kwa nini iliandikwa hivyo, hilo nitalijibu siku nyingine.

Nadhir


Hayl, Jumapili, 14 Machi 2004

Kaka Nadhir,

Assalamu alaikum. Naandika kwa herufi za Kiarabu tulizofundishwa chuo cha Kurani, hizi nyengine hunipa taabu, nawe utasoma upende usipende. Barua nimempa dereva wa teksi aje nayo leo hii, simngojei Hud mpaka Ijumaa. Nina hasira na wanaume wawili na mmoja ni wewe.

Nianze na mwanangu. Amekudanganya. Jumatano ile alirudi nyumbani na kanzu ina doa kifuani, kubwa kama sahani, limeganda. Nilidhani damu ya mnyama imechanganyika na maji. Nilipoitia kwenye beseni nikajua, mimi nimelea watoto sita, maziwa nayajua yakikauka nguoni. Alimbeba mwenyewe kumshusha chini. Hao vijana walimtundika tu. Nikaiosha ile kanzu sikusema kitu, na hilo ni kosa langu.

Barua yako ya kwanza ilifika Ijumaa na Hud. Jumamosi, jua halijachomoza sawasawa, nikamwona Khalaf anatoka na chupa ya maziwa kaificha chini ya shuka la bega. Alirudi mchana, magoti yamechubuka. Vilikuwa vinne. Vitatu vilikuwa vimekufa vimelaliana. Kimoja alikileta ndani ya kilemba. Siku alipokuwa akikuandikia kwamba hakuona, kaka, kitoto kilikuwa kapuni jikoni kwangu, kinanyonya kitambaa. Kimo mpaka leo. Akirudi kazini anakaa nacho, mlango kaufunga, mtu na bunduki yake anakaa chini jikoni anapuliza maziwa yapoe. Ameniapisha nisimwambie mtu. Sikumwapia, nilikohoa tu.

Sasa wewe.

Unamwandikia mwanangu habari za ufunguo na madirisha. Umesahau kwamba siku ile ya karatasi mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa sabla na wanawake, tunapika? Ukuta wa udongo una masikio, nilisikia kila kitu. Ulikuwa umekunjua karatasi, unakata kalamu, na Hud akasema, "Dhibu hafungi Ramadhani, mwalimu. Hesabu kwa Suheli." Wewe ukamjibu kwa Kiarabu chako kile cha vitabu kwamba Waislamu wana miezi yao na inawatosha, na nyota ni za watu wa jangwani wasiosoma. Watu wakacheka. Walimcheka Hud, na wewe uliwaachia wacheke.

Nilijua kwamba unajua, Nadhir. Baba yetu kule Bumbwini alihesabu kwa Nairuzi, mwaka wa jua, maisha yake yote. Siku tangu mwaka ulipokogwa, miongo kwa miongo, kumi na kumi. Ukifika mwongo wa paa kuzaa hakuna mtu aliyeingia msituni kuwawinda, mpaka ipite mingine kadhaa. Na ulimwuliza mbele yangu, una miaka kumi, kwa nini hatumii miezi ya chuoni, akakwambia miezi ya chuoni inatembea na paa hatembei nayo. Hayo ulikuwa nayo kichwani siku ile, na ukayameza.

Tena si siku ile tu. Mwaka 1998, mwezi kabla ya kuhamia Nizwa, Hud alikuja kwetu, hakukaa hata kitako, akakwambia karatasi imekwisha kuteleza. Nilikuwa natia kahawa. Ukasema utaitazama. Ukahama.

Njoo ukae na mimi, nimezeeka, lakini njoo na hayo.

Dada yako,
Bimdogo


Hayl, Jumatano, 17 Machi 2004

Mjomba, shikamoo.

Mama kaniambia kwamba amekuandikia. Basi khalas, hakuna haja ya kuficha.

Kitoto kimekufa juzi, Jumatatu, nikiwa kazini. Kilikuwa kimeanza kufungua macho. Nimekizika na wenzake watatu chini ya mkunazi, na mama yao nimemtelemsha nikamzika hapohapo. Vijana waliuliza kwa nini, nimewaambia kwa sababu ananuka.

Nitakwambia ukweli sasa, si kwa sababu umenikasirikia. Nilikuwa na darubini. Nilimtazama muda mrefu kabla sijapiga. Nilikuwa nimelala juu ya jabali, yeye amesimama anatazama upande wa mitende, na jua lilikuwa limekwisha kumpiga tumboni. Niliona chuchu. Niliona zote. Nikakumbuka vile vitano, wallahi nilikumbuka, mpaka nikatoa kidole kwenye mtambo.

Halafu nikahesabu. Nikasema, leo mwezi gani? Muharram. Karatasi inasema halali. Mjomba Nadhir ndiye aliyeandika, na Mjomba hakosei tarehe. Kama kungekuwa na vitoto mwezi huu, yeye angejua, angeandika. Basi labda ni mgonjwa, labda vimekufa, labda mimi sijui. Nikarudisha kidole.

Wewe unasema ningetumia akili. Miaka thelathini unanifundisha kwamba mtu asiyesoma hutumia hasira na mtu aliyesoma hutumia maandishi. Nilikuwa na hasira, nikaiacha, nikatumia maandishi. Ningekuwa sijui kusoma yule dhibu angekuwa hai.

Na ulijua. Mama ananiambia ulijua tangu mwaka wa kwanza, na Hud akaja akakukumbusha. Mimi nimekaa na ile chupa jikoni siku tisa, nikidhani dhambi ni yangu peke yangu.

Mimi nimekasirika mpaka sijui niandike nini tena. Lakini chumba ni chako. Ijumaa ya tarehe 26 nina likizo, nitakuja na gari kubwa tupakie makasha. Na watu wa sabla wanasema karatasi ibadilishwe, wanakungoja wewe uiandike. Hakuna mwingine mwenye mkono ule.

Khalaf


Nizwa, Ijumaa, 26 Machi 2004

Mwanangu Khalaf,

Marahaba, na safari hii naitikia kwa moyo. Leo utakuja na gari kubwa kama ulivyosema, na Lamees atakwambia mlangoni kwamba sipo. Nipo. Niko chumba cha nyuma, na najua utakataa chai. Barua hii atakupa hapohapo, uisome garini kabla hujapakia.

Ijumaa iliyopita sikukujibu kwa sababu nilikuwa na kazi na Hud. Nilimngoja mpaka soko likaisha. Nikamwambia yale niliyopaswa kumwambia miaka kumi na mitatu nyuma: kwamba siku ile alisema kweli, kwamba niliijua kweli hiyo kabla yake, na kwamba nilimfanya achekwe. Aliniambia nimshikie mbuzi mmoja aliyerudi bila mnunuzi, amfunge kamba. Nikamshika. Alipomaliza akasema, "Mimi nilikusamehe zamani. Yule jike hakuwa na habari nasi." Akawasha gari.

Sasa hesabu yangu, nzima.

Mwaka 1991 nilikuwa nimekaa nchi hii miaka kumi na minane, baada ya tisa ya kutangatanga tangu Unguja, na bado pale sabla waliniita Zinjibari. Waliniita kwa upole, wakinisogezea tende. Nilijua walivyosema nikitoka: hawa wa Afrika Kiarabu chao cha kuokota na dini yao imechanganyika na mambo ya huko. Siku ile, kwa mara ya kwanza, waliniomba kitu. Waliniomba niandike. Na Hud aliposema Suheli, nilimsikia baba yangu. Kitu kilekile, kumi na kumi, tangu alama isiyotembea. Ningeweza kusema: kwetu pia wanahesabu hivi, mzee huyu ana haki. Ningelazimika kutaja Nairuzi, na watu kuoga baharini kuukaribisha mwaka, na miongo ya wakulima wa Bumbwini, mbele ya wanaume waliokuwa wakingoja kusikia jambo la namna hiyo kutoka kwangu. Nikaona aibu. Nikamwonea aibu baba yangu mbele ya watu waliokuwa wanahesabu kama yeye. Nikaandika Shaabani na Shawwali kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliopata kuandika, na mwaka ule miezi ikaangukia palepale penye vitoto, na watu wakasema mwalimu kapatia.

Kila mwaka miezi hiyo imesogea siku kumi na moja nyuma ya majira ya kuzaa. Nilikuwa nikiijua kila mwaka. Mtu anayehesabu miaka yake ya ugenini mpaka wiki hawezi kusema kwamba hesabu hiyo ilimponyoka. Hud alipokuja mwaka 1998 nilimwambia nitaitazama, na kuitazama kulikuwa na maana ya kusimama mbele ya sabla na kusema nilikosea kwa makusudi. Nilifunga mizigo. Nilikuambieni kwamba nahamia Nizwa kwa ajili ya Lamees na vitabu. Wewe ulinibebea makasha.

Kwa hiyo hasira yangu ya barua ya kwanza, sikuwa na haki nayo yote. Sehemu ninayo bado. Ulimwona, ukatoa kidole, ukakirudisha. Pale kidole kilipotoka ulikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, na sitakusaidia kusahau. Hata hivyo ulikwenda na chupa kabla sijakwambia. Mimi miaka kumi na mitatu sikwenda.

Haya ndiyo maneno ya karatasi mpya. Usiyanakili kwa mkono wangu, ayaandike yeyote, hata kwa kalamu ya risasi:

"Hapana ruhusa kumwinda dhibu tangu siku ya mia na sabini mpaka siku ya mia mbili na sabini, kuhesabu tangu Suheli anapoonekana alfajiri. Kuonekana kwake kutatangazwa na Hud, na baada yake na yule ambaye Hud atamfundisha. Na mwenye kumwona jike ana maziwa, siku yoyote, mwezi wowote, asipige, hata kama karatasi hii inamruhusu."

Mstari wa mwisho umetokana na wewe. Ile ya zamani itoe kwenye kioo uichome, usiihifadhi kwa ajili ya mwandiko.

Mama yako mwambie nitamwandikia kwa herufi zake. Mwambie alisema kweli na kwamba kukohoa kwake kumenichekesha siku ambayo sikutaraji kucheka. Kama anaweza safari, Lamees atamfuata, kitanda kipo.

Makasha manane yaliyofungwa chukua, ni ya sabla. Lamees atakuonyesha yalipo. Moja lina vitabu vya nyota, mpe Hud, hata kama hasomi atazitambua picha. La tisa, mwambie mama yako, halina kitu. Nilishindwa kujua nitie nini.

Chumba chenye mlango wa kijani mpe Fawziya na wanawe. Nikikaa mimi humo, jioni ya kwanza mtanifuata mniketishe sabla, mahali pa mbele, mtaniuliza jambo, na nitajibu, na mtalitundika ukutani. Ninajijua. Bado nina mwandiko mzuri.

Nimekaa miaka arobaini nikiwaambia watu kwamba nitarudi Unguja, na miaka sita nikikuambieni kwamba nitarudi Hayl. Unguja wameacha kuniuliza. Wewe nakujibu.

Sitarudi.

Mjomba wako,
Nadhir